Sekunde Kumi za Kuingia Kwenye Picha

Siku tuliyomzika baba, mpiga picha aliyekodiwa hakufika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, barabara ya kupandia kwetu Mwika ilikuwa tope tupu, na gari lake lilikwama huko chini. Kaka yangu mkubwa akanifuata nyuma ya nyumba, nilikokuwa nimekalia ndoo iliyofudikizwa, akaniambia, "Wewe si una kamera? Ilete." Nikainuka mara moja. Kusema kweli nilishukuru, kwa sababu kukaa kulikuwa kunaniua. Mimi ni mtu nisiyetulia tangu utoto. Mama husema nilizaliwa na siafu ndani ya nguo.

Kwa hiyo nikawa mpiga picha wa msiba wa baba yangu mwenyewe. Aliyewahi kuzika kwetu anaijua kazi hiyo. Kaburi likishafunikwa, mwongozaji wa ratiba hushika kipaza sauti na kuita makundi yaje kuweka mashada: mjane na watoto, wajukuu, ndugu wa marehemu, wakwe, jumuiya ya kanisa, majirani. Kila kundi likishaweka shada lake hujipanga nyuma ya kaburi, hupigwa picha, kisha hupisha wengine. Hakuna anayeruka hatua hiyo. Picha zile ndizo ushahidi kwamba ulikuja, ulisimama, ulizika.

"Mjane na watoto!" akaita. Nikapiga goti kwenye tope nikaweka jicho kwenye kamera. Walikuwa wamejipanga kama mama alivyotuzoesha tangu tukiwa wadogo, kwa kufuatana kuzaliwa. Ndivyo alivyotupanga kwenda kanisani, ndivyo alivyotupanga kuogeshwa, na ndivyo alivyotupakulia mtori wa ndizi. Mama alisimama mwanzo wa mstari, akafuata kaka mkubwa, akafuata dada, kisha mdogo wangu wa kike, kisha kitindamimba ambaye siku hizi anaishi Dar. Lakini kati ya dada na mdogo wangu palikuwa na uwazi mbaya, mtu mzima angepita. Ndani ya uwazi huo niliona migomba, na mgongo wa mzee mmoja aliyekuwa akikunja mwavuli. Nikawapungia mkono wasogee, wabanane. Wakaanza kusogea. Mama akainua kiganja, wote wakasimama palepale. Nikajiambia, huyu ana uchungu, haelewi ninachosema, nikabonyeza kitufe na kuita kundi linalofuata kwa kichwa.

Haikunijia hata kidogo kwamba mimi pia ni mtoto wa marehemu.

Ilinijia miezi kadhaa baadaye. Picha ile ilikuwa imekuzwa, imewekwa fremu na kutundikwa sebuleni kwa mama, juu ya redio. Jumapili moja nilikuwa nimepanda kumsalimia, niko jikoni nakoroga mtori, akaingia mama mmoja wa jumuiya yao ambaye wakati wa msiba alikuwa amelazwa hospitali. Nikamsikia akihesabu vichwa kwa sauti. "Mbona wanne? Na yule binti yako wa Moshi mjini hakuwahi mazishi?" Halafu, kwa ule utani wake wa siku zote, "Haya bwana, asiyekuwepo na lake halipo."

Damu ilinipanda kichwani. Niliacha mwiko ndani ya sufuria nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikashuka kihambani, shamba letu la nyumbani, nikatembea katikati ya migomba na kahawa mpaka mfereji wa chini, nikarudi, nikashuka tena. Mama alimjibu nini sikusikia. Niliporudi mtori ulikuwa umeshika chini na mgeni amekwisha kuondoka. Sikuuliza kitu. Nilichukua mkoba wangu nikashuka mjini na ghadhabu ambayo sikujua nimwekee nani, maana picha nilipiga mwenyewe.

Kuanzia hapo nilikuwa na neno moja tu kichwani. Nilitaka picha ya mama na watoto wake wote, na mimi nimo. Mama hakuwa mgonjwa, lakini fimbo aliyokuwa akiitumia kufukuzia kuku sasa alikuwa akiiegemea. Na sisi watoto tunakutana mara moja kwa mwaka, Desemba, wakati Wachagga wa nchi nzima wanaporudi nyumbani. Ukikosa Desemba umekosa mwaka. Nilianza kuihesabu Desemba kama wengine wanavyohesabu mshahara.

Mtu ataniuliza, si ungempa mtu mwingine kamera akupigieni? Wote waliniuliza. Sikukuu kila nyumba ina wake, jirani hawezi kuacha mbuzi wake wa ndafu motoni aje kushika kamera yangu. Na kwetu siku hiyo kila aliyemo ni wa kwenye picha: wakwe, wajukuu, wote. Shemeji yangu, mume wa dada, alijitolea mara mbili, Mungu ambariki. Nilikataa. Nilishajua inavyouma kuhesabiwa kuwa hukuwepo, sikutaka kumrithisha mtu.

Kamera yenyewe ni ile ya chini kabisa ya kampuni yake, ya kuanzia, kama wanavyosema wauzaji. Niliinunua kwa mtalii aliyeshuka mlimani akitaka kupunguza mzigo. Mtu akinunua ya namna hiyo, mambo mengi anakuta hayamo. Haiwezi kuongea na simu. Wenzangu kazini, kwenye duka la dawa jirani na hospitali ya Mawenzi, walinionyesha simu zao zikipiga picha kwa kuambiwa tu kwa mdomo, nikanuna. Simu ningeweza kuitumia, najua. Lakini picha iliyonitoa ilipigwa na kamera hii, na nilitaka kamera hii hii inirudishe. Ukaidi huo sina pa kuupeleka.

Kitu kimoja ilikuwa nacho: taima. Unabonyeza, taa inamulika, unapewa sekunde kumi ujiunge na wenzako.

Desemba ya kwanza nikaja na stendi yenye miguu mitatu na tumaini kubwa. Baada ya misa ya Krismasi huwa tunakwenda wote kaburini kwa baba, pembeni ya nyumba, penye mimea ya masale aliyoipanda babu. Tunaweka maua, tunawasha mshumaa, kaka mkubwa anasalisha. Nikawapanga hapohapo, nikabonyeza, nikakimbia. Sasa, kihamba chetu kimelala kwenye mteremko kama vihamba vyote vya huku, na kamera ilibidi ikae chini ili sote tuenee. Ikawa napanda kilima kwa viatu vya kanisani, sekunde zinayoyoma. Mara ya kwanza nilinaswa mgongo. Mara ya pili niliteleza, na picha inaonyesha mguu wangu mmoja hewani na kitindamimba anacheka hadi meno ya nyuma.

Mara zote zilizofuata nilifika, ila mama hakuwa akitazama kamera. Kila aliponiona nakuja mbio aligeuka na kunyoosha mkono, "Pole, pole mwanangu, usianguke." Nilimwambia, "Mama, usinitazame mimi, tazama kamera." Akasema ndiyo. Nikabonyeza, nikakimbia, akageuka. Nilimpigia kelele, siku ya Krismasi, mbele ya kaburi la baba. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mtu anakuja kwangu anakimbia, mimi nitazame chombo?" Kaka mkubwa akasema inatosha, watu wana njaa. Tukaenda kula, na mimi sikuonja hata kipande.

Mwaka mzima uliofuata nilikuwa mtu wa kero. Nikifunga duka jioni sikwenda nyumbani Rau moja kwa moja, nilizunguka mjini nikiulizia. Mwisho nikaangukia duka la mzee mmoja wa Kiislamu karibu na soko, duka jembamba lililojaa chaja, redio na rimoti za televisheni zimening'inia kama mikungu. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu nikiwa nimesimama. Akaniambia nikae kwanza. Sikukaa.

"Unataka kuipiga ukiwa mbali nayo," akasema. "Nina waya."

Aliutoa waya mweusi wenye kitufe mwisho, unachomekwa ubavuni mwa kamera. Nikaulipia, nikatoka mbio kabla hajamaliza kusema. Nilipofika Rau nikauchomeka, ukafanya kazi safi kabisa, isipokuwa ulikuwa mfupi kama kamba ya mbuzi wa kufungwa. Ningeweza kupiga picha nikiwa nimesimama kando ya kamera nikijishikilia, kazi ambayo kidole changu kilikuwa kikiifanya bure. Nikarudi kesho yake, moto. Mzee alicheka hadi akafuta macho kwa kanzu.

"Nilikuwa naelekea kukwambia. Huo ni wa watu wanaopiga nyota na mwezi, wasiitikise kamera. Wewe ulishafika barabarani, binti yangu."

Waya wa mbali angeweza kuniagizia, akasema, ila ungevutwa na kuku na wajukuu kihamba kizima. Kulikuwa na cha kuchomeka juu ya kamera chenye mwenzake wa mkononi, kinachoongea kwa mawimbi kama redio, lakini kwa kamera yangu hakuwa nacho. Akatafuta kwenye boksi la chini, akatoa rimoti ndogo, ndogo kuliko kiberiti. Akaielekeza kwenye simu yake na kubonyeza. Kwa macho sikuona kitu. Kwenye kioo cha simu kikaonekana kijitaa cha zambarau. "Inaongea na uso wa kamera," akasema. "Lazima ionane nayo kwa mbele. Usisimame nyuma yake, usiifiche ndani ya nguo. Na jua kali haliipendi." Safari hii nilikaa mpaka akamaliza, nusu ya tako kwenye kiti, mkoba umeshakuwa begani.

Kwangu Rau niliijaribu mpaka paka akahama chumba. Kila nilipobonyeza, kamera ililia. Nilikuwa na picha zangu kwenye kochi, picha zangu mlangoni, picha zangu nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili.

Desemba ya pili ikaja. Dada alikuwa ameshona kitenge cha aina moja kwa wanawake wote na mashati kwa wanaume, na asubuhi hiyo mlima ulikuwa wazi, vilele vya Kibo na Mawenzi vyote nje, theluji ya Kibo inang'aa. Nikaona Mungu yuko upande wangu. Nikasimamisha stendi ili mlima uingie nyuma yao, kaburi mbele, nikaiweka kamera kwenye hali ya kusubiri rimoti, nikaita watu.

Kuita watu wa kwetu wasimame kwa picha si jambo la kubonyeza. Mmoja anatafuta kiatu. Mwingine anageuza nyama. Kitindamimba yuko kwenye simu, mjukuu amechafua shati, kaka mkubwa anabishana na shemeji kama ndafu imeiva. Mama mwenyewe alipofika kaburini akakumbuka hajafunga kilemba kizuri, akarudi ndani, tukasubiri. Alipotoka alianza kutupanga upya, akamtoa mjukuu mmoja huku akamweka kule, akatengeneza kola ya kaka mkubwa ambaye ana mvi. Nilikuwa nimeshika rimoti hadi kiganja kinatoka jasho. Hatimaye wote wakatulia. Nikainyoosha, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikasogea mbele, nikabonyeza. Nikainua juu ya kichwa. Kitindamimba akasema, "Sista, hiyo kitu ni feki, umepigwa." Nikashuka kwenye kamera, nikakuta imerudi kwenye hali yake ya kawaida. Ilikuwa imechoka kusubiri. Kumbe ina subira ya dakika chache tu, ikiona kimya inaghairi. Tena nyumbani sikuwahi kulijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kusubiri kitu dakika chache. Nikairudisha, nikapanda, nikabonyeza. Kimya tena. Jua lilikuwa kali mno, na kile kijitaa cha zambarau hakikuwa na ubavu wa kushindana nalo. Watoto wakaanza kulia njaa. Mke wa kaka akaomba aketi. Machozi yakanijia, ya hasira, na niliyaacha yatoke kwa sababu nilikuwa nimechoka kuyazuia.

"Sista, basi, piga wewe tu kama kawaida," kitindamimba akasema kwa upole, na akasogea kuziba nafasi iliyokuwa kati ya mdogo wangu na dada, ili mstari upendeze.

Fimbo ya mama ikamgonga mguuni. "Rudi kwako. Hapo pana mtu."

Akarudi. Wakati huo huo ule ukungu wa mchana ukaanza kushuka, kama unavyoshuka siku nyingi, kutoka msituni kuja vihambani. Kibo kikaondoka. Mawenzi ikaondoka. Jua likazimika kama limefunikwa sufuria. Nilikuwa nimeutaka ule mlima, nilikuwa nimeota nao, na kwa muda nilibaki naangalia pale ulipokuwa. Kisha nikashuka, nikaiamsha kamera, nikapanda taratibu kwa sababu hakukuwa tena na sekunde za kukimbiza, nikaingia kati ya dada na mdogo wangu. Mama aliangalia mbele. Hakuna aliyekuwa akija mbio. Nikabonyeza, na huko chini kamera ikalia.

Ikalia tena na tena, sikuacha mpaka kaka mkubwa akaninyang'anya rimoti.

Picha ilikuja vizuri. Nyuma yetu ni weupe tu, hata mgomba wa tatu hauonekani, na mkononi mwangu kuna kitu cheusi watu hudhani ni simu. Niliikuza kwa ukubwa uleule wa ile ya msiba, nikaitia fremu bora zaidi, na Pasaka nikapanda nayo Mwika. Nilikuwa nimekuja na nyundo. Nikakuta kuna mgeni: yuleyule mama wa jumuiya. Nikamwamkia, akaitikia, nikapanda kiti ili niishushe ile ya zamani.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nabadilisha, mama. Hii ndiyo iliyotimia."

"Acha hiyo hapo. Hii mpya tundika pembeni."

Nikashuka kwenye kiti. Nilihisi miguu ikianza kutafuta mlango, kama ile Jumapili. Mama wa jumuiya alikuwa ameichukua ile mpya, anaisogeza karibu na macho, anahesabu. "Eh, sasa watoto wote watano," akasema. "Ile nyingine walikuwa wanne."

"Watano," mama akasema. "Mbona nilikuonyesha mwaka ule ule ukasahau?" Akajikokota na fimbo yake hadi ukutani. Nilitaka kutoka. Nikakaa.

Aliweka kidole kwenye kioo cha picha ya msiba, kati ya dada na mdogo wangu, pale penye migomba na mgongo wa mzee mwenye mwavuli. Kioo hapo kilikuwa na alama ya mafuta ya vidole, ya siku nyingi.

"Huyu hapa," akasema. "Alikuwa anatupungia mkono tuzibe. Nikakataa."